Moshi Usio na Mwenyewe

Mwanangu Lusungu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini wewe nimekusikia asubuhi ukimcheka mama yako alipolikalia sanduku lako ili lifungike, kwa hiyo hali yako naijua. Yangu ni njema, ila barua hii nimeianza mara tatu, na baridi ya Makambako haihusiki. Umekwenda Kichiwa kumuaga bibi yako. Jioni mjomba wako Festo atakurudisha, na kesho treni itakuchukua kwenda Dar es Salaam. Nina mchana huu mmoja. Nimefunga kibanda, na mwenye bucha nimemwambia ng'ombe wake wa ukutani atakaa bila mkia mpaka keshokutwa.

Habari za kuchemsha maji, za kushona pesa kwenye upindo wa sketi, za watu wa kuwaamini na wa kuwakwepa, mama yako amekupa mara tatu na sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari za moshi.

Juzi ulikuwa umepiga magoti pale sakafuni unafunga kwa kamba ya katani yale matoleo kumi na moja ya hadithi yangu ya picha. Ukasema gazeti lililokuajiri kuchora limeuliza kama unaweza kuimalizia, maana baba yako aliiacha njiani. Ulisema kwa furaha kabisa. "Baba, wanataka tu kujua nani aliwasha ule moto." Nikajifanya natafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni kwangu. Wewe hukuona, ulikuwa unakaza fundo. Hii ndiyo barua ya kukujibu, na bibi yako amenipa ruhusa kuiandika. Bila ruhusa yake nisingethubutu. Nilishathubutu mara moja, nikakiona cha mtema kuni.

Nilikulia Manda, ziwani, mahali ambapo ukivaa sweta watu wanakuuliza unaumwa nini. Makambako nilifika kijana, na brashi mbili na kopo la rangi nyeusi, kwa sababu niliambiwa magari yote yanapita hapo, ya Songea, ya Mbeya, ya Iringa. Nikawa naandika majina kwenye vibao vya nyuma vya malori. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zikaachiwa, kila mwenye chumba kinachotazama barabara akafungua duka, na kila duka likataka kibao chenye picha. Watu wakasahau jina langu, wakaniita Fundi Rangi.

Mama yako nilimpata Kichiwa, nilikokwenda kuandika ubao wa kanisa. Kaka yake hakunitaka. Festo alikuwa mzee wa kanisa angali kijana, na matuta ya viazi vyake yamenyooka kama mistari ya daftari. Mimi aliniona mpita njia mwenye rangi kwenye kucha. Akanipachika jina la Usipa, kama wale dagaa wa kwetu, na siku ya mahari alilitamka mbele ya wazee wote, wakacheka. Nami nikacheka nao. Lakini kicheko kile nilikiweka, mwanangu, na nilikiweka miaka mingi kuliko ninavyopenda kukuambia.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu hivi magazeti ya watu binafsi yalipoanza kufika huku. La kwanza la hadithi za picha nililiona kwenye lori la Mzee Shabani, huyu unayemwita babu, aliyehamia Makambako kutoka Kondoa na lori moja bovu. Nililisoma nimesimama, brashi ikanikaukia mkononi. Wiki hiyohiyo nilichora kurasa tatu, nikazituma Dar kwa lori lake. Mhariri akajibu kwamba mkono wangu ni mzuri, lakini wachoraji wa mapenzi na majambazi anao tele. Anataka hadithi ya zamani, ya vita, ya watu wa huko kwenu, iende toleo hadi toleo.

Huko kwetu ni wapi? Ziwani nilikwishatoka, na mambo ya Ubena, kwao mama yako, nilikuwa siyajui. Aliyekuwa akiyajua ni bibi yako, na bibi yako alikuwa mama mkwe wangu. Wewe umezoea kutuona tunakula meza moja, kwa hiyo huenda umesahau kwamba zamani haikuwa hivyo. Kwa ukoo wa mama yako, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikimwona njiani nachepuka. Nikiingia uani anajifunika kanga na kuingia jikoni. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na mitano, na kama ungeniambia nimchore nisingejua hata pua yake ilivyo.

Basi tulifanya hivi. Jumamosi nilikaa nje, mgongo ukutani, ukuta wa jikoni. Bibi yako alikaa ndani, karibu na moto. Mama yako alikaa mlangoni akimenya viazi, akipitisha maneno huku na huku, ingawa kila mmoja wetu alimsikia mwenzake vizuri sana. Heshima ndivyo ilivyotaka. Sauti ilitoka ukutani kwa Kibena, nami nikachora kwenye daftari nikiutazama mlima. Wengi huniuliza nilijifunzia wapi kuchora. Nilijifunzia kwenye ukuta ule, na shukrani yangu ya kwanza naiweka hapo.

Kurasa zilipokuwa tayari, mama yako aliziingiza jikoni zikaguliwe. Mara ya kwanza nikasikia kicheko. Nikaletewa swali: hii miti ya miwati imetoka wapi? Nilikuwa nimeijaza kila kilima, kwa sababu sijawahi kuiona Njombe bila miwati. Kumbe imepandwa juzijuzi, bibi yako akiwa mama wa watoto. Nikachukua wembe, nikakwangua msitu mzima. Halafu likaja neno la pili, na hilo sikulielewa kwa muda mrefu. Bibi yako alisema, "Mwambie watu wake hawasikii baridi."

Nikatazama. Kweli, walikuwa wamesimama kama watu wa Manda, mabega chini, mikono imelegea, kifua kwa jua. Nilichukua wiki nzima kukaa stendi alfajiri nikiwachora wasafiri, jinsi shingo inavyozama, jinsi mtu anavyoficha mikono kwapani. Hata ukungu niliuweza. Nikadhani somo nimelimaliza.

Ukurasa niliugawa vyumba sita. Ndivyo nilivyoviita, vyumba, kwa sababu kila kimoja kina mtu anayekaa ndani na lazima ujue ameingilia mlango gani. Kwanza maneno kwa penseli, tena machache, maana ukiyaweka mwisho yanamkalia mtu kichwani. Kisha sura, kisha wino. Na sura mimi sijui kuzizua, hilo unalijua. Nilikopa za mji. Mtemi nilimpa uso wa Mzee Shabani, akafurahi akabandika ukurasa ndani ya lori. Kapteni Mjerumani nilimpa pua ya mwenye bucha, ndiyo maana mpaka leo ananipimia mifupa.

Hadithi yenyewe unaijua mpaka ilipofika, lakini ngoja niipitie, maana ulisoma nilichochora, hukusikia nilichosikia. Wakati wa vita vya wazee na Mjerumani, askari wake walikuja kuchoma maghala. Watu wa kijiji wakakimbilia pango lililoko mlimani. Bibi yako hakuwapo, alizaliwa baadaye. Aliyekuwapo ni mama yake, yule ambaye jina lake umelibeba wewe. Walikaa mle pangoni siku tatu, msimu wa baridi, bila moto, kwa sababu waliapizana wasiwashe. Siku ya tatu moshi ukaonekana. Askari wakapanda. Wanaume wakachukuliwa wamefungwa kamba, na waliorudi walikuwa wachache.

Hapo habari iliishia. Nikasikia kuni zikisogezwa. Nikamwambia mama yako aulize nani aliwasha. Akauliza. Jibu likaja: moshi ulionekana. Nikarudia, jibu likawa lilelile, na mama yako akaniambia kwa upole nimwache, mama amechoka. Nikaona pale pana pengo. Na fundi rangi akiona pengo ukutani, mwanangu, mkono unamwasha mpaka alizibe.

Toleo la saba likatoka, barua za wasomaji zikamfikia mhariri kwa fungu, naye akaniandikia: wanataka kujua nani aliwauza watu hawa, toa msaliti, mpe jina. Nilikuwa na siku tisa. Nikamzua mtu aliyepokea nguo mbili kutoka kwa askari awaonyeshe pango. Nikamwita Nguo Mbili. Chumba cha mwisho cha toleo la nane kilikuwa chake peke yake: amesimama mbele ya askari, kitambaa begani, mkono umenyooshwa kuelekea milimani, na chini yake nikaandika, "Huyu ndiye aliyeuza wenzake." Alihitaji uso. Nikampa mwanya, masikio yaliyosimama, na kichwa kilichoinama upande kidogo kama anasikiliza sala. Nikampa uso wa mjomba wako.

Mama yako nilimwambia mkono ulijichora wenyewe. Uongo. Mkono haujichori. Nilikaa na uso ule siku mbili, nikausahihisha mwanya kwa wembe mpaka ukamfanana sawasawa, na nilipomaliza nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Kuna siku utachora huku unajisikia vizuri namna hiyo, na nakuomba siku hiyo uweke kalamu chini, ukanywe chai kwanza.

Madereva wa Mzee Shabani walikuwa na tabia ya kufungua bahasha yangu njiani. Hadithi yangu Makambako nzima iliijua kabla haijafika kwa mpiga chapa. Safari hii mmoja aliyekuwa akipakia viazi Kichiwa aliwaonyesha watu ukurasa ule kabla hata hajashuka Iringa. Toleo lilipotoka, watoto wa Kichiwa walikuwa wameshazoea kuimba. Festo akipita na jembe wanaita, Nguo Mbili, Nguo Mbili. Jumapili aliposimama kusoma matangazo, mtu nyuma akaguna, kanisa likacheka. Alimaliza kusoma, akakaa, na tangu siku hiyo akaomba mwingine asome.

Mama yako hakunigombeza. Alifunga furushi, akasema anakwenda kukaa na mama yake, akakuachia wewe funguo za kabati la chakula. Unakumbuka siku zile, ulikuwa ukipika ugali mbichi nami nikiusifu. Nilikwenda kwa Mzee Shabani kumwomba gari lake lililokuwa likirudi Dar lipeleke barua ya kumwomba mhariri alirudishe toleo lile. Alinitazama akakuna ndevu. "Fundi, lori likishashuka mteremko wa Kitonga hulirudishi kwa kupiga kelele," akasema. "Unapakia jingine." Mambo ya magari tu alikuwa anasema, nadhani. Lakini ndiye aliyenifundisha kazi hii ya toleo hadi toleo kuliko mhariri yeyote. Kitabu unaweza kukichoma kabla hakijatoka. Toleo likishafika kwa watu limefika. Kilichobaki mikononi mwako ni linalofuata.

Nilikwenda Kichiwa na jembe jipya na kuku, kama desturi yao inavyotaka kwa mkwe aliyekosa. Nikakaa pale pangu, mgongo ukutani. Mama yako hakuwa mlangoni. Nikaongea na ukuta, nikasema nimekosa, nikasema yote, hata ya kucheka siku ya mahari. Kisha mlango ukafunguliwa na sauti ya bibi yako ikasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema:

"Ingia. Jembe liache huko. Njoo uniangalie."

Nikaingia nimeinamisha macho, akarudia. Nikainua uso. Lusungu, nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, na nilisimama pale kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mwalimu. Ana jicho moja dogo kuliko jingine, umeliona. Mimi ndiyo kwanza nililiona. Akaniambia nimewachora watu wake wote bila kumwona hata mmoja, kwa hiyo lazima nimwone anaposema atakalolisema.

Aliyewasha moto alikuwa mama yake. Alikuwa na mtoto mchanga, dada wa bibi yako aliyemtangulia. Usiku wa pili mtoto alitetemeka mpaka akaacha kulia, na alfajiri ya siku ya tatu mama yake akashindwa. Akawasha kamoto ka majani, kadogo, ka kupasha viganja tu. Majani yalikuwa na umande, yakatoa moshi. Mtoto alikufa hata hivyo, siku chache baadaye.

Waliobaki walirudi kijijini. Walikuwapo wajane, walikuwapo waliopoteza wana wawili. Wote walijua. Wakakaa, bibi yako anasema walikaa siku nzima, na wakakubaliana neno moja: moshi ulionekana. Atakayeuliza ataambiwa hivyo. Mama yake akazaa tena, akazeeka, akalima pamoja na wajane wale, akazikwa na watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia. Pale nilipoona pengo palikuwa pamejazwa kabla mimi sijazaliwa.

"Waliofiwa hawakutaka mtu wa kumlaumu," bibi yako akasema. "Wewe wa ziwani, ulimtaka wa nini?"

Nililia, na yeye akaniacha nilie, kisha akanipa kikombe cha uji, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kula mbele yake.

Nilimkuta Festo shambani anapalilia viazi. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu ujana, baba yake alimpa neno hilo kabla hajafa, kama mtoto mkubwa. Nikamuuliza, basi mbona hakujitetea, watoto wamemwimba miezi miwili. Akasimama, akaegemea jembe.

"Ningesema nini, shemeji? Kwamba si mimi, ni bibi yangu?"

Kisha akaendelea kupalilia. Nikachukua jembe nililoleta, lile jipya, nikapalilia naye tuta la pili mpaka jua likazama, na matuta yangu yalipinda sana. Hakusema kitu juu ya matuta yale. Nimemshukuru mtu huyu mara nyingi, na kila mara yeye hubadili mazungumzo akauliza bei ya mbolea.

Tatizo likabaki langu. Toleo la tisa lilikuwa linasubiriwa. Siwezi kusema moto uliwashwa na nani, na siwezi kumwacha Nguo Mbili pale alipo. Mama yako alikuwa amerudi nami, ananipikia lakini haniulizi. Nikachana karatasi za manila nne. Nilifikiria kumwua Nguo Mbili kwa ugonjwa. Nilifikiria kumpa pacha. Wachoraji wakibanwa hukimbilia pacha, utawaona huko Dar.

Hapo ndipo ulipoingia wewe, na hujui uliingia. Ulikuwa na toleo la nane, unakula karanga juu yake. Ukaniuliza bila hata kuinua kichwa, "Baba, huyu anaonyesha wapi? Mbona hapa hakuna pango?"

Nikakunyang'anya gazeti, ukadhani nimekasirika kwa ajili ya karanga. Ulisema kweli. Nilikuwa nimechora mkono na milima, lakini pango sikulichora, kwa uvivu tu, chumba kilinibana. Mkono ulionyesha milimani, na milima ya Ubena ni mingi. Basi katika toleo la tisa nilizunguka upande wa pili, nikamchora mtu yuleyule kutoka mgongoni, na tukaona kile anachokiona yeye: mkono wake unaelekea mlima mwingine, na pango liko nyuma yake, mbali. Alipokea nguo, akawazungusha askari siku nzima kwenye miiba. Akarudi kwa wenzake usiku akiwa amevaa kitambaa kile, wao wakakiona, wakasema, "Huyu ndiye aliyeuza wenzake." Maneno yangu yaleyale, sasa yametoka midomoni mwa watu, na msomaji anajua kwamba wamekosea, kama nilivyokosea mimi na yeye pia.

Na moshi? Nilichora moshi. Chumba kizima, ukurasa mzima, unapanda kutoka nyuma ya mwamba, na hakuna mtu chini yake.

Lakini sikutaka kumchora Festo tena kwa kumwibia. Nilimtumia salamu. Akaja Makambako siku ya soko, amevaa sweta lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda pale kibandani kwangu tangu asubuhi hadi adhuhuri, wapita njia wakimtazama. Nilimwonyesha kurasa zote kwanza. Alizisoma polepole kama anavyosoma Zaburi. Mwisho akasema, "Afadhali. Angalau nguo nimezifanyia kazi." Kisha akanyoosha shingo. "Na masikio yapunguze, Usipa." Nilicheka, mwanangu, na safari hii kicheko sikukiweka popote.

Watoto wa Kichiwa waliendelea kumwita Nguo Mbili, ila sasa walimpokea mzigo. Akarudi kusoma matangazo. Mhariri hakufurahi. Aliyachapa matoleo mawili zaidi, akiniuliza kila mara nani aliwasha, nikimjibu kila mara kwamba moshi ulionekana. Mwisho akaandika mstari mmoja: moshi usio na mwenyewe hauuziki. Nilikuwa nimepanga matoleo kumi na tano, yakaishia kumi na moja. Nikarudi kwenye vibao vya malori na ng'ombe wa bucha. Wewe ulinihurumia miaka yote, nilikuona unavyowaambia wenzako kwamba baba alionewa na watu wa mjini. Sikuonewa. Nilipewa mama mkwe mwenye uso, shemeji, mke aliyerudi, na matoleo matatu ya mwisho ambayo naweza kuyatazama bila kufumba jicho. Kuna mafundi wanaozeeka hawana hata moja.

Mwaka uliofuata bibi yako aliniita. Mama yake hakuwahi kupigwa picha, na yeye anaanza kumsahau. Akataka nimchore. Nikamwambia sijamwona, nitamchoraje? Akasema watu husema wamefanana. "Nichore mimi," akasema, "kisha punguza miaka, uongeze baridi." Nilikaa mbele yake siku nne, na safari ile nilimtazama. Nilimchora mama kijana amepiga magoti, mtoto amefungwa kifuani ndani ya ngozi, shingo imezama, mabega yamepanda mpaka masikioni, anapuliza majani. Bibi yako aliisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akasema, "Huyu sasa anasikia baridi." Sifa niliyowahi kupewa ni hiyo tu, na sihitaji nyingine.

Picha ile haijatoka nje ya nyumba yake. Ameiweka kwenye sanduku la nguo zake, imekunjwa ndani ya kanga. Leo atakupa wewe, kwa sababu ya jina. Hatakueleza. Alisema kueleza ni kazi yangu, maana ndimi niliyeeleza vibaya. Ukiniuliza usiku huu nitakuambia usubiri. Barua hii naiweka kati ya toleo la nane na la tisa, na nakuomba usiifungue mpaka treni iondoke.

Sasa kuhusu lile gazeti lako. Sikukatazi, na bibi yako pia hakukataza. Nilimuuliza wazi, akasema waliokubaliana neno lile wamekwisha, na wewe ndiwe Lusungu, utajua. Watakuuliza nani aliwasha, tena watakuuliza kwa tabasamu, wamekuwekea meza na taa na karatasi nyeupe ambazo mimi sikuwahi kuzipata. Ninachojua ni kwamba hadithi nitakuwa nimeikabidhi kwa mtu anayeuliza mkono unaonyesha wapi, na hilo linanitosha. Ile picha haina maneno chini yake. Nilijaribu mengi, nikayakwangua yote kwa wembe. Ukiishika kwenye mwanga utaona karatasi imekuwa nyembamba pale.

Nilikusudia kuandika zaidi, juu ya jinsi ulivyokuwa ukilala na penseli ngumini, juu ya yale makofi mawili niliyokupiga ulipochora mbuzi nyuma ya ukurasa wangu wa tano, ambayo nayaombea radhi leo kwa sababu mbuzi yule alikuwa bora kuliko ukurasa. Lakini nimechungulia dirishani na nawaona mnakuja kutoka stendi. Festo amebeba kapu la viazi ambalo halitaingia kwenye treni yoyote. Wewe umevaa sweta la mama yako, na kitu kilichofungwa ndani ya kanga umekishika kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyeambiwa asikiangushe na hakuambiwa ni nini.

Asante kwa kuwa mtoto wangu. Nakunja barua hapa, mjomba wako yuko mlangoni anaita Usipa, na mimi naenda kuitika.

Baba yako,
Fundi Rangi